Atichoki ya mbegu haitoi vichwa? Angalia kalenda kabla ya kulaumu mbolea

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye bustani za nyumbani ni hili: "mmea umekua mkubwa, majani yamejaa mpaka njiani, mbona hautoi vichwa?" Na mara nyingi mtu ameshaongeza samadi, ameshaongeza yurea, akidhani udongo umechoka. Jamani, tatizo hapo kwa kawaida ni baridi.

Kwa wasioijua, atichoki ni ndugu wa alizeti, asili yake ni nchi za Mediterania, na mpaka leo Italia, Misri na Hispania ndo wakulima wakubwa. Tunachokula, yaani hicho kichwa, ni ua ambalo halijachanua. Sasa huu mmea hautengenezi ua mpaka upigwe na baridi ukiwa bado mdogo, tunahesabu saa ambazo joto limeshuka chini ya nyuzi 10, na aina ya zamani kama Green Globe inataka saa nyingi mno, karibu 500, wakati Imperial Star ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliitengeneza makusudi kwa ajili ya kupandwa kwa mbegu na kuvunwa mwaka huohuo inaridhika na nusu ya hapo. Kwaiyo ukiwa dukani usichukue pakiti yoyote tu kwa sababu picha ni nzuri, tafuta Imperial Star.

Ndo maana nasema angalia kalenda. Kama uko Njombe, Makete, au kule Limuru, baridi yako kali ni Juni mpaka Agosti, na unachotaka ni mche wenye majani matano sita uwe umeshashika ardhini baridi inapoingia. Ukirudi nyuma unapata Februari au mwanzoni mwa Machi kwa kusia mbegu, na Aprili kwa kuhamisha miche wakati mvua ipo. Ukisia Septemba utapata majani mazuri sana ya kuangalia na mwaka utakwisha hivohivo. Walioko Dar, Tanga mjini au Mombasa nawaambia ukweli, kwa pwani hili zao linakataa. Kuna wanaootesha mbegu kwenye mchanga wenye unyevu halafu wanaziweka kwenye friji wiki kadhaa ndo wanapanda, na hiyo inasaidia kwa sehemu zenye baridi ya wastani, lakini joto la pwani baadaye linaharibu kazi yote, na kichwa kikitoka kinakuwa kigumu.

Kusia kwenyewe ni rahisi. Loweka mbegu usiku mmoja, weka moja moja kwenye trei au hata vikopo vya mtindi ulivyotoboa chini, kina cha sentimita 1, na hapa ndo inapochanganya watu, manake mbegu inataka joto kuota, nyuzi 20 hadi 25, wakati mche unataka baridi, kwaiyo trei ikae ndani au sehemu yenye jua na isiachwe kwenye upepo wa usiku mara tu baada ya kuota, ipe muda kwanza. Ndani ya wiki mbili hivi zinakuwa zimetoka. Utaona majani mawili ya kwanza manene, laini, kisha yanafuata yenye meno pembeni, ligeuze moja uangalie chini, lina weupe kama vumbi la unga. Hiyo ni dalili nzuri. Miche ya mbegu haifanani hata ikitoka pakiti moja, kwaiyo sia mingi kuliko unayohitaji, na mche uliodumaa, uliopauka au wenye miiba mingi utoe bila huruma.

Shimo liwe na debe la samadi iliyooza vizuri, nafasi mita 1 kila upande. Watu wanabana, wanaona mche mdogo wanasikitikia ardhi, halafu mmea unafika mita moja na nusu na kila mmoja unamnyima mwenzake hewa, vidukari wanajaa katikati ambako huoni. Wakitokea, maji ya sabuni yanatosha ukiwahi. Maji yasituame kabisa shimoni, kitako kinaoza. Weka matandazo, mwagilia kwa kina.

Kuvuna usichelewe. Kichwa cha kwanza, kile cha juu kabisa, ndo kikubwa kuliko vyote, kikate Septemba au Oktoba magamba yakiwa bado yamebanana. Kibane mkononi, kikiwa kibichi kinalia kwa kusuguana. Magamba yakianza kufunguka umechelewa, ndani manyoya yameshakomaa, hapo kiache tu kichanue zambarau, nyuki watashukuru sana.

Mmea ukimaliza, kata shina karibu na ardhi, usiung'oe. Machipukizi yatatoka pembeni, chagua matatu yenye afya kwenye mmea uliokupa vichwa vizuri zaidi, yatenganishe na mzizi wake kidogo kwa kisu kikali, uyapande mvua zikianza. Hayo yatafanana na mama yake kabisa, na pakiti ya mbegu hutaihitaji tena mpaka utake kuongeza shamba.