Boke si wingi wa ukungu

"Lenzi hii ina boke nyingi." Kauli hiyo utaisikia Kigoma mjini popote wapiga picha wanapokutana, iwe studio za Mwanga, ufukweni Kibirizi, au nje ya ukumbi maharusi wakiwa bado njiani. Siku hizi wauzaji wa lenzi za zamani, zile za kuzungusha fokasi kwa mkono, wameigeuza tangazo, na vijana wanatoa hela zao kwa sababu isiyo sahihi. Ndiyo maana naona ni lazima jambo hili lisemwe waziwazi.

Boke ni namna ukungu wa sehemu zilizo nje ya fokasi, yaani zisizokaza, unavyoonekana kwenye picha: umbo lake, kingo zake, ulaini au ukali wake. Si kiasi cha ukungu huo. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Neno lenyewe ni la Kijapani. Huko kwao boke ni ukungu tu, na wakitaka kuzungumzia uzuri au ubaya wake husema boke-aji, yaani ladha ya ukungu. Mwaka 1997 jarida la Marekani liitwalo Photo Techniques lilichapisha makala juu ya suala hili, na mhariri wake, Mike Johnston, akaongeza herufi h mwishoni ili wasomaji wa Kiingereza wasilitamke ovyo. Makala zile zilihusu ladha, na neno likasambaa duniani likiwa na maana hiyo. Sasa mtu akiulizwa boke ya lenzi yake ikoje, akajibu "nyingi", ni sawa na aliyeulizwa mchuzi una ladha gani akajibu "sufuria mbili".

Wingi wa ukungu una hesabu yake, tena nyepesi. Chukua urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi, gawa kwa namba ya f, unapata upana wa tundu linalopitisha mwanga. Lenzi ya 50mm ikifunguliwa f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Sasa mpige picha bibi harusi kuanzia kiunoni, nyuma yake kukiwa na ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Kwa kamera ileile, ukihakikisha anajaa kwenye fremu kwa ukubwa uleule kila unapobadili lenzi, ukungu wa milima ile utafuata upana wa tundu, basi. Lenzi ya 18–55 inayouzwa pamoja na kamera, ikiwa kwenye 55mm na f/5.6, ina tundu la milimita 10 hivi. Helios 44-2 ya 58mm f/2, lenzi ya Kisovieti ambayo kila mtu anaitafuta, ina 29. Ile 55–250 ya bei nafuu ambayo wengi wameiacha kabatini, ikivutwa mpaka 250mm kwa f/5.6, ina karibu 45.

Yaani anayetaka wingi tu hana haja ya kununua lenzi ya Kisovieti. Arudi nyuma hatua za kutosha, avute zumu, milima itayeyuka kuliko ambavyo Helios ingeiyeyusha. Nawaambia vijana hili kila mara, na kila mara naona wanashangaa.

Tofauti yenyewe inaonekana vizuri ukiweka Helios 44-2 karibu na Super-Takumar ya 55mm f/1.8, lenzi ya Kijapani ya kampuni ya Asahi. Ya kwanza ina tundu la milimita 29, ya pili 30 na nusu. Kwa jicho la kawaida wingi wa ukungu ni uleule. Lakini msimamishe mtu mita moja na nusu mbele yako, nyuma yake mita kadhaa kuwe na mwembe mkubwa kama ile ya Ujiji, jua likipenya kwenye majani. Kila kitobo cha mwanga kitageuka duara. Kwa Takumar, duara hizo zinaingiliana taratibu, kingo hazishtui, na jicho linarudi usoni kwa mtu bila kuvutwa. Kwa Helios, zile za katikati ni za mviringo, ila ukisogea pembeni zinabanwa, zinakuwa kama jicho la paka, na zote zinajipanga kumzunguka mtu, utadhani majani yanazunguka kichwani pake.

Mzunguko huo una sababu. Helios imetokana na Biotar ya 58mm f/2, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss, kazi ya Willy Merté, nayo Biotar ni ya ukoo wa Planar aliyoibuni Paul Rudolph mwaka 1896. Lenzi nyingi za kawaida za milimita 50 na ushee ni za ukoo huohuo. Mwanga unaoingia kwa mshazari, kuelekea pembe za picha, hukatwa na ukingo wa mbele na wa nyuma wa lenzi yenyewe, na duara inabaki kipande. Ukifunga mpaka f/4, tundu linakuwa dogo kiasi kwamba kingo hizo hazilikati tena, na mzunguko unatulia. Ukiivisha Helios kwenye kamera yenye sensa ndogo pia unapoteza sehemu kubwa ya mzunguko, kwa sababu sensa hiyo inachukua katikati tu ya picha na kuacha pembeni, ambako ndiko mambo yote yalipo. Halafu mtu analalamika kwamba ameuziwa Helios feki.

Kingo za duara nazo zina chanzo kingine. Mtengenezaji wa lenzi hulazimika kusahihisha kasoro inayofanya mwanga wa pembeni mwa kioo usikutane mahali pamoja na ule wa katikati. Akisahihisha kupita kiasi, duara za vitu vya nyuma zinakuwa na ukingo unaong'aa, kama povu la sabuni. Lenzi ya Trioplan ya kampuni ya Meyer-Optik imejipatia jina kwa povu hilo. Akisahihisha pungufu kidogo, ukingo unafifia na nyuma panakuwa laini. Ila kumbuka kwamba mambo hayo hugeuka kwa vitu vilivyo mbele ya fokasi: lenzi yenye nyuma laini huwa na mbele kali. Ukipenda kupiga picha kupitia nyavu zilizoanikwa Kibirizi, nyavu zikiwa karibu na lenzi na mvuvi akiwa kwenye fokasi, lenzi inayosifiwa na wenzako wa harusini inaweza isikufae.

Hapa kwetu mtihani mgumu kuliko yote ni mchikichi. Kila kuti lina vijani vyembamba na virefu, na katikati yake anga jeupe. Lenzi yenye kingo kali hugeuza kila jani jembamba kuwa mistari miwili, na nyuma yote inakuwa fujo, hata tundu liwe pana namna gani. Hapo ndipo f/1.4 yenye boke kali inaposhindwa na f/2 yenye boke tulivu. Mtu anayepiga picha zake nyingi kwenye mashamba ya michikichi anahitaji lenzi tofauti na anayepiga ufukweni, ambako nyuma ni maji na anga na karibu lenzi yoyote itapendeza. Swali la kwanza, kwa hiyo, ni utasimama wapi na nyuma ya mtu wako kuna nini.

Mtihani wa pili ni usiku mwezi ukiwa gizani, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha taa ziwani. Simama juu kidogo, weka fokasi kwenye kitu cha karibu, acha taa za mbali ziwe duara. Lenzi ikiwa wazi kabisa utaona kila kitu kuhusu kingo zake bila kuhitaji maelezo ya mtu. Funga hatua mbili na umbo la tundu litajitokeza: Takumar ya 55mm ina vipande sita vinavyofunga tundu, nawe utapata pembe sita; Helios 44-2 ina vinane. Si ubaya, mradi ujue unachopata. Mimi taa za ziwani nazipenda zikiwa za mviringo, siifungi lenzi.

Kuna jambo linaloniudhi kuliko hayo yote: lenzi yenye utando mweupe ndani, au fangasi, kuuzwa kwa sifa ya "boke laini sana". Mji wetu uko kando ya ziwa, na lenzi iliyokaa miaka mingi kwenye mkoba wa ngozi bila hewa huota fangasi. Washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, fungua tundu lote, tazama kutoka mbele. Ukiona nyuzinyuzi au weupe kama maziwa, ulaini unaosifiwa ni uchafu. Kipimo kingine ni jicho la mtu uliyemwekea fokasi: likiwa nalo limefifia, tatizo ni kioo, hakuna boke hapo. Njano inayoonekana kwenye baadhi ya Takumar ni jambo jingine, inatokana na kioo chenye thoriamu na haiharibu umbo la ukungu.

Na uangalie kamera yako kabla ya kulipa. Hizo mbili, Helios 44-2 na Super-Takumar, ni za skrubu ya M42, yaani hufungwa kwenye kamera kwa kuzungushwa, na kamera za siku hizi zinahitaji adapta ya kuziunganisha. Kwa Canon EOS adapta nyepesi inatosha. Kwa Nikon ya kioo cha kupinduka (DSLR), adapta isiyo na lenzi ndani haitakufikisha kwenye fokasi ya mbali, na ile milima ya Kongo haitakaza hata ukiitaka. Kamera zisizo na kioo hicho hazina shida hiyo.

Basi unapoulizia lenzi, badala ya kuuliza kama ina boke nyingi, muombe muuzaji picha mbili zilizopigwa nayo ikiwa wazi kabisa: moja ya mtu aliyesimama mbele ya majani yanayopenyeza jua, nyingine ya taa za mbali usiku. Akikujibu kwa kukutajia f/1.4, mweleze kwa upole kwamba huo ni upana wa tundu, kisha umuombe tena zile picha.