Je, wajua kwa nini kijana wa hoki mwenye mkataba wa dola 950,000 hafikishi hata 600,000 mfukoni?

Mwishoni mwa Juni kila mwaka, vijana wa miaka 18 huvaa suti, huketi ukumbini na wazazi wao na kusubiri majina yao yaitwe. Huo ndio uteuzi wa NHL, ligi kubwa ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Jina likiitwa, kijana hupanda jukwaani, huvalishwa jezi na kofia, na kamera humulika. Timu hakuichagua yeye. Timu ndiyo iliyomchagua. Likumbuke hilo, maana kwenye kodi yake lina uzito kuliko mabao atakayofunga.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni ule wa kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye vyuma, kigongo mkononi, kukimbiza kisahani cheusi cha mpira. Hata Nairobi upo. Timu ya Ice Lions ilijifunzia kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa.

Mkataba wa kwanza wa kijana una dari ambayo timu haiwezi kuivuka hata ikitaka. Walioteuliwa mwaka 2023, dari yao ni dola 950,000 kwa mwaka. Connor Bedard, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka huo na Chicago Blackhawks baada ya kusifiwa dunia nzima, alisaini kwa dari hiyohiyo, pamoja na bonasi ambazo angelipwa tu akifikia malengo fulani uwanjani. Ndani ya hizo 950,000, hadi asilimia 10, yaani dola 95,000, zinaweza kutolewa kama malipo ya kusaini. Zinazobaki, 855,000, ni mshahara.

Aliyewahi kushika hati ya mshahara, iwe Dar es Salaam au Nakuru, anajua ilivyo: juu kuna mshahara ghafi, chini kuna unachopeleka nyumbani, na katikati kuna kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na bima. Hati ya kijana huyu imepangwa vivyo hivyo, ila mistari ya katikati ni mingi zaidi, na baadhi yake hubadilika kila anaposhuka kwenye ndege.

Tuipige hesabu yenyewe. Chukua kijana asiye na mke, anayeishi Dallas na kuchezea timu ya huko, kwa viwango vya kodi vya Marekani vya mwaka 2024, na tuchukulie fedha zote zimeingia ndani ya mwaka mmoja wa kodi. Serikali kuu inamsamehe dola 14,600 za kwanza. Zinabaki 935,400 za kutozwa. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kiwango cha juu cha asilimia 37 kinakata fedha yote. Sivyo. Fedha hupanda ngazi: sehemu ya chini hutozwa asilimia 10, inayofuata 12, kisha 22, na kuendelea, na asilimia 37 inagusa tu kinachozidi dola 609,350. Ukijumlisha ngazi zote unapata kodi ya takriban dola 304,300.

Bado hifadhi ya jamii, asilimia 6.2 ya dola 168,600 za kwanza, ambayo ni 10,450 hivi. Bado bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45 ya mshahara wote na nyongeza ya asilimia 0.9 kwa kinachozidi 200,000, jumla dola 20,500 na ushei. Kijana wa miaka 19 analipia matibabu ya wazee. Kwangu hilo ni sawa kabisa, lakini ni vizuri alijue kabla hajaweka oda ya gari. Mpaka hapo, katika 950,000 zimebaki kama 614,700.

Anayefuata ni wakala. Katika hoki, wakala huchukua asilimia 3 au 4 hivi ya mkataba. Kwa asilimia 3 ni dola 28,500. Nikiambiwa nichague mstari mmoja wa kumweleza kijana anayeanza, nitachagua huu, kwa sababu kabla ya mwaka 2018 mchezaji wa Marekani aliweza kuhesabu ada ya wakala kama gharama ya kazi na kupunguziwa kodi kwa ajili yake. Sheria ya kodi ya mwaka 2017 ilifuta punguzo hilo kwa watu walioajiriwa, na mchezaji wa ligi ni mwajiriwa. Tangu hapo kijana analipa kodi hata kwa zile dola 28,500 ambazo hazikai kwake hata siku moja. Kocha wa kumnoa wakati wa kiangazi, daktari wa viungo anayemlipa mwenyewe, vifaa vya mazoezi: vyote ni gharama za kazi kwa maana halisi ya neno, na vyote hulipiwa kwa fedha iliyokwisha kukatwa kodi. Naiona si haki, hasa kwa wale wasio na jina.

Baada ya wakala zimebaki kama 586,200.

Halafu kuna kitu ambacho wafanyakazi wengi duniani hawakijui: eskro. NHL na chama cha wachezaji walikubaliana kugawana mapato ya ligi nusu kwa nusu. Tatizo ni kwamba mikataba husainiwa kabla mapato hayajajulikana. Basi sehemu ya kila mshahara huzuiliwa kwenye akaunti ya amana mpaka hesabu za msimu zifungwe. Wachezaji wakiwa wamelipwa kupita nusu yao, fedha iliyozuiliwa huenda kwa wenye timu. Wakiwa hawajapita, hurudishiwa. Msimu wa 2020-21, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, makato hayo yalifika asilimia 20. Msimu wa 2023-24 yalishuka hadi asilimia 6. Kwa kijana wetu, asilimia 6 ni dola 57,000. Mpaka arudishiwe, ikiwa atarudishiwa, mkononi ana kama 529,200.

Kuna mtego mwingine, tena huu humpata mwanzoni kabisa. Yale malipo ya kusaini, dola 95,000, mwajiri wa Marekani anaruhusiwa kuyakata kodi kwa kiwango kimoja cha asilimia 22. Hiyo ni 20,900. Kijana anaona akaunti imevimba, anawanunulia wazazi wake kitu kizuri, na nani atamlaumu? Lakini kwa kuwa mapato yake ya mwaka yanafika ngazi ya juu, kodi halisi ya fedha ile ni asilimia 37, yaani 35,150. Tofauti ya dola 14,250 inamsubiri Aprili anapojaza ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka. Na mshahara wenyewe hulipwa msimu wa kawaida tu, mara mbili kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Aprili. Aprili ndiyo wanapokutana: malipo ya mwisho ya mshahara na bili ya kodi. Baada ya hapo ni miezi mitano bila mshahara. Hata mechi za mtoano, zile zinazokesha hadi Juni, hazina mshahara wa kawaida. Kuna mfuko tu wa kugawana kulingana na timu ilivyofika.

Nilisema hati hubadilika anaposhuka kwenye ndege. Majimbo mengi ya Marekani hutoza kodi ya mapato kwa kazi iliyofanyika ndani ya mipaka yake, na mechi ni kazi. Hesabu huenda kwa siku. Tuseme kijana ana siku 200 za kazi kuanzia kambi ya Septemba hadi mechi ya mwisho, na timu yake ya Dallas imekaa siku 6 California kucheza Los Angeles, Anaheim na San Jose. California inadai kodi ya sita kwa mia mbili ya mapato yake, yaani ya dola 28,500, na kwa viwango vyake hiyo ni karibu dola 2,900. Zidisha safari hizo kwa majimbo yote anayopita msimu mzima, na utaelewa kwa nini mvulana aliyemaliza sekondari juzi anahitaji mhasibu wa kumjazia rundo la ritani.

Wamarekani husimulia kwamba kodi hii ilipata umaarufu mwaka 1991, Chicago Bulls ya Michael Jordan ilipoifunga Los Angeles Lakers kwenye fainali ya mpira wa kikapu na California ikawadai wageni kodi. Illinois ikajibu kwa kutunga sheria yake ya kuwatoza wachezaji wa majimbo yanayowatoza wa Illinois, na watu wakaibandika jina la kisasi cha Michael Jordan.

Ila kilichowaumiza zaidi vijana wa hoki kilitokea Tennessee. Jimbo lile halitozi kodi ya mapato ya mshahara, lakini mwaka 2009 liliweka ada kwa wachezaji wa NHL na wa mpira wa kikapu: dola 2,500 kwa kila mechi inayochezwa humo, mwisho mechi tatu kwa mwaka. Haikujali unalipwa kiasi gani. Nyota wa mamilioni alilipa 2,500, na kijana aliyeitwa asubuhi kuziba nafasi ya majeruhi naye 2,500. Kima cha chini cha mshahara NHL wakati huo kilikuwa dola 500,000 kwa msimu, ambazo ukizigawa kwa siku za msimu unapata kama 2,600 kwa siku. Fikiria kijana aliyeitwa kwa usiku mmoja tu Nashville: 2,600 zinaingia, 2,500 zinachukuliwa na jimbo, na serikali kuu bado haijagusa chake. Amevaa jezi ya ndoto yake na ameondoka na deni. Ada hiyo ilifutwa kwa wachezaji wa hoki mwaka 2014, na ilistahili kufutwa.

Kuitwa na kurudishwa ni maisha ya kawaida ya kijana wa NHL. Mikataba mingi ya kwanza ina mishahara miwili. Ukiwa NHL unahesabiwa kwa ile 855,000, ambayo ni zaidi ya dola 4,400 kwa siku. Ukirudishwa ligi ya chini, AHL, unahesabiwa kwa 80,000 hivi kwa mwaka, dola mia nne na kitu kwa siku. Kilicho salama ni malipo ya kusaini, hayo hayashuki naye. Bokondji Imama, mzaliwa wa Montreal ambaye wazazi wake wanatoka Kongo, aliteuliwa mwaka 2015 akacheza mechi yake ya kwanza ya NHL Aprili 2022. Miaka yote hiyo ilipita kwenye ligi za vijana na za chini. Kwa hiyo hesabu yangu ya juu, ya kijana anayekaa NHL msimu mzima, ni ya mwenye bahati.

Turudi sasa ukumbini, kwenye ile jezi. Kijana wetu wa Dallas halipi kodi ya jimbo lake kwa sababu Texas haina. Florida, Tennessee, Nevada na Washington nako vivyo hivyo. Angeteuliwa na San Jose akawa mkazi wa California, jimbo lingemkata karibu dola 97,500 juu ya zile za serikali kuu. Angeteuliwa na Toronto, kiwango cha juu cha Ontario na Kanada kwa pamoja ni asilimia 53.53, na kwa mshahara huu zaidi ya nusu ingeondoka kabla wakala hajanyoosha mkono. Kazi ni ileile na mshahara wa karatasini ni uleule. Kilichobadilika ni kofia aliyovalishwa jukwaani.

Wenye timu wanalijua hilo. Dari ya mishahara ya timu nzima, dola milioni 88 msimu wa 2024-25, ni sawa kwa timu zote 32, lakini huhesabiwa kabla ya kodi. Dola ya Florida inanunua zaidi ya dola ya Montreal. Kati ya mwaka 2020 na 2025, kombe la Stanley, la ubingwa wa NHL, lilichukuliwa na Tampa Bay mara mbili, Vegas mara moja na Florida Panthers mara mbili, zote za majimbo yasiyo na kodi hiyo. Colorado pekee, mwaka 2022, ndiyo iliyopenya. Kodi peke yake haifungi mabao, na Tampa ilikuwa na kikosi bora kweli, lakini mabingwa watano kati ya sita ni wengi mno kupuuzwa.

Timu za Kanada hujitahidi kwa njia zao. Mkataba wa kodi kati ya nchi hizo mbili unaweka kikomo cha asilimia 15 kwa kodi ambayo Kanada inatoza malipo ya kusaini yanayolipwa kwa mkazi wa Marekani. John Tavares alipohama New York kwenda Toronto mwaka 2018, karibu dola milioni 71 kati ya milioni 77 za mkataba wake ziliandikwa kuwa malipo ya kusaini. Mamlaka ya kodi ya Kanada ilipinga, ikasema malipo yake ya mwaka huo ni mshahara wa kawaida, na mchezaji akaipeleka kesi Mahakama ya Kodi. Lakini Tavares alikuwa nahodha aliyekamilisha mkataba wake, timu kadhaa zikimbembeleza. Aliweza kukaa mezani na mawakili na kuuliza: mnilipeje, na wapi?

Kijana wa miaka 18 hana swali hilo. Mkataba wake wa kwanza ni wa miaka mitatu kwa timu iliyomwita. Ukiisha, timu hiyohiyo bado ina haki juu yake. Uhuru kamili wa kuchagua mji huja afikishapo miaka 27, au baada ya misimu saba kwenye ligi, na wengi magoti yao huchoka kabla ya hapo.