Kinachoua kamera ni joto la ndani

Jamani, hili naomba liishe. Kila nikitaja kwamba nilirekodi dokumentari kwenye meli ya utafiti huko Aktiki majira ya baridi, hapa Tanga naulizwa: kamera hazikufa kwa baridi? Halafu unafuata ushauri: ungekuwa unazikimbiza ndani zipate joto.

Kuzikimbiza ndani ndiko kunakoziua!

Polarstern, meli ya utafiti ya Wajerumani, ilijifunga kwenye barafu Oktoba 2019 ikaelea nayo majira yote ya baridi. Vyombo vya vipimo vilisimikwa nje, juu ya barafu yenyewe, vikafanya kazi katika giza la miezi. Baridi peke yake inavumilika.

Tatizo ni mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 chini ya sifuri haibebi hata nusu gramu. Hewa ya nyuzi 30 za joto, kama yetu ya Februari, hubeba hadi gramu 30. Ndani ya meli kuna jiko, bafu, nguo mbichi na watu wanaopumua. Ingiza humo kamera iliyopoa, unyevu wote unaivamia: kwenye lenzi, kwenye sensa inayonasa picha, kwenye saketi usizozifikia kwa kitambaa. Ukiitoa nje kabla haijakauka, maji hayo yanaganda humo humo.

Na wapigapicha wa Tanga mnalijua! Toeni kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, mshuke nayo ufukweni Raskazone: kioo kinaingia ukungu papo hapo. Kanuni ni hiyo hiyo.

Betri ni jambo dogo: baridi huzilegeza, ziweke mfukoni karibu na mwili zitarudi. Usizichaji zikiwa chini ya sifuri, zinaharibika moja kwa moja.

Kamera ikilazimika kuingia, chomoa betri na kadi ukiwa bado nje, itie kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa. Umande utakaa juu ya mfuko, nawe utanakili kazi yako kutoka kwenye kadi. Isubiriwe muda gani? Wengi hutaja idadi ya saa. Mimi saa hizo siziamini, maana ganda la lenzi ndefu hupata joto mapema huku vioo vya katikati vikiwa bado vya baridi, na kwa mkono huwezi kujua. Ndiyo maana kamera yangu kubwa ililala stoo ya sitahani isiyo na joto. Kilichoingia ndani ni betri na kadi tu.