Tezi dume unayo, na baba yako anayo

Juzi nikiwa kwa kinyozi, mzee aliyeketi kiti cha pili alitangaza kwa furaha: "Nimepima Jumamosi. Namshukuru Mungu, sina tezi dume." Waliokuwapo wakampongeza. Mimi nilinyamaza, maana wembe ulikuwa kisogoni. Lakini asiye na tezi dume ni mwanamke, au mwanamume aliyekwisha kutolewa yake hospitalini.

Tezi dume ni kiungo cha mwili. Kila mwanamume huzaliwa nacho. Kipo chini ya kibofu cha mkojo, na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi kwenye ushanga. Kwa kijana kina uzito wa gramu 20 hivi, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Sasa kosa hili la kuifanya tezi dume jina la ugonjwa limetoka wapi? Nadhani limetoka kwenye neno lenyewe. Tezi katika Kiswahili ni neno la watu wawili. Kwa mwalimu wa baiolojia ni kiungo kinachotoa majimaji fulani mwilini: tezi za mate, tezi za jasho. Kwa bibi yangu, tezi ilikuwa uvimbe. Akisema "fulani ana tezi", alimaanisha lile rovu la shingoni, na hakukosea hata kidogo. Kamusi za zamani zinampa haki. Kwa hiyo sikio lililolelewa na bibi likisikia "ana tezi dume" linasikia "ana uvimbe". Na dume nalo linachochea. Kwenye mpapai dume neno hilo linataja jinsia tu, lakini mtaani dume ni kitu kikubwa, cha kuogopwa. Tezi dume ikageuka uvimbe mkubwa, jitu la ugonjwa. (Ile tezi ya methali, "tezi na omo marejeo ni ngamani", ni shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, neno jingine kabisa. Nalitaja mapema kwa kuwa kuna mtu atalileta tu.) Hata jina la Kigiriki ambalo Wazungu walilichukua lina maana ya "anayesimama mbele", yaani mbele ya kibofu. Nalo linataja mahali tu.

Kisha ikaja Novemba 2014. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Rais wa Tanzania wakati huo, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na aliporudi alilieleza taifa waziwazi kuwa ilikuwa saratani iliyogunduliwa mapema. Alifanya jambo la maana sana. Wanaume waliokuwa wakiona haya kulitaja jambo hilo wakaanza kuliongea. Ila "upasuaji wa tezi dume" masikioni mwa wengi ulikaa kama "upasuaji wa malaria" ungekaa. Kiungo kikawa ugonjwa.

Najua mtakavyonijibu: mbona tunasema "ana sukari", "ana presha", na kila mtu ana sukari na presha? Kweli. Na wala sipigani na "amepasuliwa kidole tumbo". Lakini ukisema mtu ana sukari, wote tunajua ni ugonjwa upi. Ukisema ana tezi dume, umetaja magonjwa matatu yasiyofanana, na hapo ndipo watu wanapoumia.

La kwanza ni kutanuka kwa tezi kwa sababu ya umri. Si saratani, na haligeuki kuwa saratani. Ni la kawaida mno: wanaume wenye miaka hamsini na kitu, karibu nusu wanalo, na kadiri miaka inavyoongezeka ndivyo wengi zaidi wanavyokuwa nalo. Tezi hukua upande wa ndani, ikaubana ule mrija. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa unyonge, unadondoka mwishoni, na usiku unaamka mara kwa mara.

La pili ni saratani. Hii mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo mwanzoni haibani kitu. Mtu anakojoa vizuri kabisa huku inakua. Ukingoja mkojo ugome ndipo uamini kuwa una shida, kwa saratani utakuwa umechelewa.

La tatu ni maambukizi, ambayo huwapata hata vijana: homa, maumivu chini ya kitovu, mkojo unaochoma.

Ndiyo maana swali la lini umwone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo halina jibu moja. Ukiwa na dalili za kubanwa, nenda kwa ajili ya dalili hizo. Nyingi hutulizwa kwa vidonge bila kisu, na pengine itagundulika ni sukari au vidonge vya presha unavyomeza jioni. Usipokuwa na dalili yoyote, umri ndio unaokupeleka: kuanzia miaka 50 zungumza na daktari kuhusu kupima, na sisi watu weusi, pamoja na yeyote ambaye baba au kaka yake aliugua saratani hiyo, tusingoje kufika huko, 45 inafaa, wengine 40. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ni safari ya lazima, na hii inawahusu wanawake pia, maana bingwa huyu si "daktari wa wanaume" kama wengi wanavyodhani. Kwa aliyekulia Pemba au penginepo penye kichocho, asiseme "ni kichocho tu" akalala. Kichocho cha miaka mingi chenyewe huweza kuleta saratani ya kibofu. Na mkojo ukikataa kutoka kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma, usitafute bingwa wala barua ya rufaa. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu usiku huohuo uwekewe mpira wa kutolea mkojo.

Nilipomaliza kunyolewa nilimkuta yule mzee nje anangoja bodaboda. Nikamwuliza, "Shikamoo tena mzee wangu. Kwani walikupima nini?"

"Marahaba. Walinitoa damu."

Hicho ni kipimo cha PSA, kinachotafuta protini inayotengenezwa na tezi yenyewe. Huweza kupanda kwa kutanuka tu au kwa maambukizi, na kikiwa chini bado si hati ya kusafishwa. Nikamwambia basi aseme hivi: tezi dume anayo, na kipimo cha damu hakikuonyesha dalili ya saratani.

Akacheka, akasema hiyo ni ndefu mno kwa mtu wa umri wake. Bodaboda ikafika. Akapanda, kisha akanigeukia: "Sasa mwanangu, hii ya kuamka mara nne usiku kwenda kukojoa, ni ya nini?"

"Hiyo, mzee wangu, hujaipima bado."