Kupendwa kwanza, ndipo kwenda kwenye nyumba yenye mgonjwa

Kanisani kwetu nawaandaa wale wanaotembelea nyumba zenye wagonjwa wa muda mrefu: aliyepooza kwa kiharusi, mwenye saratani aliyerudishwa nyumbani, mzee asiyeinuka tena kitandani. Karibu kila kundi huanza kwa swali lilelile, "Tubebe nini?" Nami huanzia nyuma ya swali hilo. Huduma hii haiharibiki sana kwa kukosa sukari na sabuni. Huharibika pale mtu anapokwenda kugawa upendo ambao yeye mwenyewe hajakubali kupewa.

Mtu wa namna hiyo anajulikana. Hushika hesabu ya safari alizokwenda, na asiposhukuriwa huudhika. Kimya kinamtisha, kwa hiyo huongea mfululizo kando ya kitanda. Mgonjwa akinung'unika, anamkemea kwamba hana imani. Na siku akishindwa kufika hurudi nyuma kabisa, haonekani tena, kwa sababu moyoni alikuwa akilipa deni, na mwenye deni akikosa malipo hujificha. Yohana aliweka mpangilio kwa mstari mmoja: "Sisi twapenda kwa maana Yeye alitupenda sisi kwanza" (1 Yohana 4:19). Neno "kwanza" hapo si pambo. Ukiligeuza, ukampenda mgonjwa ili Mungu akupende, mzigo wote wa wokovu wako unakaa juu ya kitanda cha mtu ambaye hata kujigeuza hawezi.

Kupokea kuna namna yake, na kunafundishika. Mahali pazuri pa kuanzia ni Luka 15:11-24, isomwe taratibu, tena kwa sauti. Mwana mpotevu anatunga hotuba akiwa kwenye nguruwe, na sehemu yake ya mwisho ni ombi la kazi: "nifanye kama mmoja wa watumishi wako" (aya ya 19). Sasa linganisha na kile anachokisema hasa mbele ya baba yake katika aya ya 21. Ombi la kazi halimo. Papo hapo baba anaagiza vazi, pete, viatu na ndama aliyenona. Wengi wetu tumeishi miaka kanisani tukiwa bado na ile hotuba mfukoni. Tunataka ujira, kwa sababu mwenye ujira hadaiwi shukrani wala hana haja ya kukumbatiwa.

Utaratibu ninaoutoa ni wa dakika 15, asubuhi ya siku ya kutembelea. Soma kifungu kifupi mara tatu: Luka 15, au Warumi 5:6-8, au Zaburi 103:8-14. Mara ya kwanza soma upate kuelewa. Mara ya pili weka jina lako ndani yake. Mara ya tatu nyamaza kwenye neno lililokugusa, usiombe chochote kwa dakika tano. Kisha taja jambo moja mahususi unaloona aibu nalo, usiseme "dhambi zangu zote" kwa jumla, halafu soma tena Warumi 5:8: "Bali Mungu aonyesha pendo lake yeye mwenyewe kwetu sisi, kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu, tulipokuwa tungali wenye dhambi." Maliza kwa kushukuru, na usitoe ahadi. Hapo kwenye ahadi ndipo wengi wanapoteleza. Mtu akishasikia kwamba anapendwa, papo hapo anamwahidi Mungu kufunga, kutoa na kuamka usiku, na kile alichopewa bure kinageuka mkopo.

Wapo wanaongoja kusikia joto moyoni, wasiposikia wanadhani hawajapokea. Upendo huu umesimama juu ya jambo lililokwisha kutendwa msalabani, na hisia zaweza kuchelewa miezi. Wapo pia ambao neno "Baba" linawaumiza, kwa sababu baba waliyemjua alikuwa wa fimbo na matusi. Hao nisingewalazimisha na Luka 15 mwanzoni. Waanze na Isaya 49:15, pale Mungu anapojilinganisha na mwanamke na mtoto wake anyonyaye, wakae hapo hata mwezi mzima.

Kupokea kutoka kwa Mungu peke yake chumbani hakutoshi, maana Mungu hupenda kutumia mikono ya watu. Petro alikataa kutawadhwa miguu, akadhani huo ndio unyenyekevu, na Yesu akamjibu kwa ukali: "Kama nisipokutawadha, huna shirika nami" (Yohana 13:8). Katika jumuiya kuna mtu ambaye mwaka mzima, akiulizwa ana ombi gani, husema, "Mimi namshukuru Mungu, sina shida." Simpeleki kwa mgonjwa mpaka siku atakapoleta ombi la kweli, akaombewa na wenzake, akanyamaza wakati wanamwombea. Ndugu wa Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walilijua hili. Walikaa pamoja na kuungama kwa sauti, wakiita kutembea nuruni kufuatana na 1 Yohana 1:7, na ushirika wao ulivuka makabila na nchi. Ninaongeza tahadhari mbili tu: ungama dhambi yako, usiiungame ya mwenzio, na mambo mazito mpelekee mmoja anayetunza siri kabla hujayasema mbele ya watu 20.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe. Kosa kubwa la makanisa yetu ni kumwona mgonjwa peke yake. Watu 15 wanaingia chumbani, wanaimba, wanaomba, wanaondoka, na yule binti au mke anayeuguza amewapikia chai wote huku hajalala sawasawa tangu juzi. Tazama Mungu alivyomtendea Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii amechoka hata anaomba kufa, naye Mungu hamhubirii. Anamwacha alale, malaika anamwamsha ale mkate na kunywa maji, analala tena, anaamshwa tena ale. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, mlimani. Anayeuguza mhudumieni kwa mpangilio huohuo: usingizi, chakula, kisha maneno.

Kwa nyumba moja nataka watu sita, wawili wawili, na kila jozi ichukue siku yake: tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kila ziara iwe ya muda wa saa tatu, siku ileile, saa ileile, kwa wiki nane, kisha mnakaa na familia kuona kama mnaendelea. Kwa mtu aliyechoka, saa tatu za uhakika zina thamani kuliko ziara kubwa ya ghafla, kwa sababu anaweza kuzipangia: atalala, au atakwenda sokoni, au kliniki. Pigeni simu kwanza, na msiulize "Tuwasaidie nini?" Jibu litakuwa "Mtuombee tu." Sema jambo linaloshikika: "Mama, Jumanne tutafika saa nne tukae na Baba mpaka saa saba, wewe ukalale. Nguo za kufua zitakuwepo?" Jozi iwe na mtu mmoja wa jinsia ya mgonjwa kwa ajili ya kumsafisha. Mwenye kikohozi, mafua au homa abaki nyumbani. Mkifika, nawaeni kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, kabla ya kumshika mkono.

Kumgeuza mgonjwa ni kazi inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayookoa ngozi. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Msimburute, maana ngozi inachunika. Tandikeni shuka iliyokunjwa mara mbili au kitenge kizito chini yake, kuanzia mabegani mpaka mapajani, mmoja huku na mmoja kule, mnyanyue kwa pamoja kwa kuhesabu. Akilala ubavu, mwinamisheni kidogo tu na mto uwe mgongoni, asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mto mwingine ukae katikati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Kila mkimgeuza, kagueni kisogo, mabega, viwiko, nyonga, mwisho wa uti wa mgongo na visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papaseni kwa vidole: pakiwa pa moto kuliko kando yake, pagumu au panauma, mtu asipalalie tena na muuguzi aambiwe. Msipasugue kwa mafuta mkidhani mnasaidia damu, kwa kuwa kusugua kunaumiza nyama ya chini iliyokwisha kuchoka.

Kulisha aliyepata kiharusi kunahitaji subira. Akae wima, mlisheni kwa kijiko kidogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na msubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Akikohoa au sauti ikawa kama ina maji, acheni. Baada ya kula abaki amekaa nusu saa. Kama daktari amesema vinywaji viwe vizito, fuateni hivyo hata kwa maji. Dawa aendelee kuzitoa anayeuguza mwenyewe, au ziwe kwenye karatasi aliyoiandika kwa jina, kiasi na saa.

Na hapa sina mjadala: hakuna mtumishi wa kanisa aliyeruhusiwa kumwambia mgonjwa aache dawa za presha, za kisukari, za kifafa au ARV ili kuonyesha imani. Watu wanakufa kwa maneno hayo. Tunaomba uponyaji kwa moyo wote na kidonge kinamezwa kwa saa yake.

Maombi yaje baada ya kazi, siyo kabla. Omba ruhusa. Zaburi 121 ina aya 8 tu, inatosha, na sala isizidi dakika mbili. Sema na Mungu, usitumie sala kumsema mgonjwa au ndugu zake wasiofika. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na muda huo hawakukosea. Walikosea walipoanza kueleza kwa nini anaumwa. Mgonjwa akiuliza, "Nimemkosea nini Mungu?", mshike mkono, mwambie hata wewe swali hilo linakuuma, na kwamba hutamwacha. Akitaka kuungama, mwiteni mchungaji au padri, au msikilize faraghani ukiwa umekwisha kuapa kutotoa neno nje.

Fedha zishikwe na watu wawili, ziandikwe, na zikabidhiwe kwa anayeuguza bila hadhira. Picha ya mgonjwa isiingie kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya hata kama nia ni kuchangisha. Jina la ugonjwa lisitajwe kwenye maombezi ya Jumapili mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

Kuna nyumba zitakazowakataa. Anayeuguza anaona haya kwa harufu ya chumba, au anahofu mtaona umaskini wake, au ameshazoea kwamba wageni huja kupeleleza. Msimlaumu. Huyo ni Petro na miguu yake. Anzeni nje: chota maji, fua, pasua kuni, ondoka bila kuomba kuingia. Wiki ya tatu au ya nne mlango hufunguka, na usipofunguka maji bado yamechotwa. Mgonjwa naye anaweza kuwatukana. Kiharusi hubadilisha tabia ya mtu, maumivu pia. Hapo ndipo zile dakika 15 za asubuhi zinapoonekana kazi yake: aliyekuja na hotuba ya mtumishi mfukoni atajeruhiwa na tusi, na anayejua amekwisha kuvikwa vazi anaweza kufuta mate yaliyomwangukia na kuendelea kulisha. Hata hivyo asiende peke yake, na akiona anaanza kuichukia siku ya zamu, au analia bila sababu, au halali, apumzishwe wiki nne bila kuulizwa maswali ya imani. Nao wenzake wamtembelee yeye.

Mgonjwa akifariki, jumuiya nyingi huhitimisha kazi siku ya kuanua matanga. Msihitimishe. Aliyeuguza amepoteza mtu wake na pia ratiba nzima ya maisha yake: ataamka saa nane usiku kumgeuza mtu asiyekuwepo. Jozi zilezile ziendelee kufika, mara moja kwa wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha mara moja kwa mwezi mpaka mwezi wa sita, bila mahubiri ya kumharakisha asahau. Kuna kazi za kumsindikiza pia. Morfini, ile dawa kali ya maumivu, na dawa nyingine zilizobaki zirudishwe hospitali, zisibaki kabatini watoto wakazifikia. Kiti cha magurudumu cha kuazima kirudishwe. Cheti cha kifo kifuatiliwe, kwa Tanzania ni RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa sababu benki na mirathi vitakidai. Na muulizeni yeye mwenyewe alipimwa presha lini mara ya mwisho. Wengi wanaouguza huahirisha kliniki zao kwa miaka, na wiki ya tatu baada ya mazishi, watu wakishaondoka, ni wakati mzuri wa kumwambia, "Dada, kesho saa mbili asubuhi nitakupitia twende wote."