Nguzo za hospitali hazihesabu ugonjwa, zinahesabu waliofika

Nimetumiwa tena ile grafu. Safari hii imepita kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule: nguzo za idadi ya wagonjwa wa hospitali moja, mwaka hadi mwaka, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia, na chini yake maandishi mekundu kwamba saratani ya kinywa na koo imelipuka Tanzania. Kisha wakaja wenye majibu. Mafuta ya chipsi. Mifuko ya plastiki. Chai ya moto. Mmoja akaandika kwamba ni hospitali zenyewe, mtu anaingia na jino bovu anatoka na kansa, na huyo ndiye aliyeungwa mkono kuliko wote.

Mimi ni mpasuaji wa kinywa na taya katika hospitali ya rufaa, na ni miongoni mwa wanaojaza rejesta ya saratani ya idara yetu. Nguzo hizo najua zinavyojengwa, kwa hiyo leo naomba tuongee mpaka tuelewane.

Grafu ya hospitali inahesabu watu waliotufikia. Haihesabu walioumwa. Mtu aliyefariki kijijini na kidonda cha ulimi, bila kuonwa na yeyote zaidi ya mganga wa kienyeji, hayumo kwenye nguzo yoyote. Mwaka ambao jirani yake mwenye ugonjwa uleule atapata rufaa na nauli, nguzo itapanda. Pale kijijini hakuna kilichozidi, ila safari hii mmoja amefika.

La idadi ya watu nalipita haraka kwa sababu ni hesabu ya shule ya msingi. Sensa ya 2012 ilituhesabu milioni 44.9, ya 2022 ikatuhesabu milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 37. Hospitali iliyoona wagonjwa 100 mwaka 2012 na 137 mwaka 2022 haijaona mlipuko wowote, imeona watu wameongezeka. Na kwa kuwa saratani hizi huwapata zaidi waliovuka miaka hamsini, kadiri wengi wetu tunavyojaliwa kufika umri huo ndivyo wagonjwa watakavyoongezeka, hata kama hatari ya mtu wa umri uleule haijasogea.

Kinachoniudhi zaidi ni watu kusahau njia anayopita mgonjwa. Kwa miaka mingi matibabu ya mionzi nchini yalipatikana hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake. Aliyeugua Bukoba, Sumbawanga au Tunduru, kama alitaka mionzi, alipanda basi kwenda Dar es Salaam. Leo Bugando kule Mwanza wanatoa mionzi, na KCMC Moshi wana kituo chao cha saratani. Sasa fikiria mgonjwa wa Musoma ambaye zamani angeandikwa Dar na leo anaandikwa Mwanza. Ukichora grafu ya Mwanza peke yake utasema Kanda ya Ziwa imevamiwa. Ukichora ya wagonjwa wa Ziwa waliofika Dar utasema saratani inakwisha. Grafu zote mbili zina takwimu za kweli, na tafsiri zote mbili ni za uongo.

Halafu kuna anwani. Mzee ametoka Newala, amefikia kwa mwanawe Mbagala kwa sababu matibabu ya mionzi ni ya wiki kadhaa na hana pa kulala. Karani anamuuliza, "Mzee, unakaa wapi?" Anajibu ukweli: "Nakaa Mbagala, kwa kijana wangu." Imeandikwa Mbagala. Miaka mitano baadaye mtu anapiga ramani na kugundua kwamba Temeke ina saratani nyingi kuliko Mtwara, na anaanza kutafuta kiwanda cha kulaumu. Swali lililopaswa kuulizwa ni "Kabla ya kuugua ulikuwa unaishi wapi, na kwa muda gani?" Rejesta za kuhesabu wakazi, kama ile ya Kampala inayofuatilia kaunti ya Kyadondo, zinalishikilia swali hili kwa sababu bila mipaka ya wakazi hakuna cha kugawanyia. Idadi ya wagonjwa bila idadi ya wakazi wa kule wanakotokea haizai kiwango.

Na mzee yuleyule ameshaandikwa mara ngapi? Hospitali ya mkoa walimwandika "kidonda sugu, kuna shaka ya saratani". Sisi tulimwandika baada ya baiopsi, yaani kukata kipande kidogo cha nyama na kukipima. Kituo cha mionzi nao wakamwandika. Kwetu ni Rashidi Selemani, kwingine ni Rashid Suleiman, umri unapishana miaka sita. Anayejumlisha takwimu za vituo vitatu bila kusafisha majina anapata wagonjwa watatu. Kinyume chake pia hutokea: hospitali ikikaa mwaka mzima bila mtaalamu wa patholojia, anayesoma vipande hivyo kwa hadubini, saratani "inapungua" sana, kwa sababu majibu hayatoki na kesi haithibitishwi.

Sasa tufungue sanduku lenyewe lililoandikwa "kinywa na koo". Mle ndani kuna magonjwa ambayo hayana undugu. Kuna skwamasi, saratani ya utando wa ndani wa kinywa, ambayo ndiyo wengi mnaifikiria. Kuna Kaposi ya kaakaa, saratani yenye madoa ya zambarau tuliyoyaona kwa wingi wakati VVU haina dawa. ARV za bure zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na hali hiyo ikabadilika. Kuna Burkitt ya taya, saratani ya watoto, hasa maeneo yenye malaria nyingi, ambayo inatibiwa kwa dawa za mshipa wala si kazi ya kisu changu. Kuna saratani za tezi za mate. Kuna saratani ya ngozi ya mdomo kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambayo kisababishi chake ni jua, wala kinywa hakihusiki. Nimekuta hata ameloblastoma imehesabiwa humo, uvimbe wa taya ambao unaweza kuwa mkubwa kama nazi na bado si saratani.

Ukijumlisha yote hayo kwenye nguzo moja, unaweza kupata mstari ulionyooka kwa miaka ishirini huku chini yake Kaposi ikishuka na skwamasi ikipanda. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna kinachoongezeka. Nasema nguzo hiyo haiwezi kukwambia, iwe imepanda, imeshuka au imetulia.

Upande wa koo ndiyo kabisa. Mgonjwa anayesema chakula kinakwama, mara nyingi tatizo liko kwenye umio, njia inayopeleka chakula tumboni, na saratani ya umio ni nyingi kwenye ukanda huu wote wa mashariki ya Afrika, kutoka Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini. Mtaani wote hao ni "kansa ya koo", na ndivyo baadhi ya fomu za rufaa zinavyoandikwa. Lakini nyuma ya ulimi, tonsili, kisanduku cha sauti na nyuma ya pua ni sehemu nyingine, na kila moja ina visababishi vyake. Ile hoja ya chai ya moto, kwa mfano, ina msingi: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Saratani waliyoizungumzia ni ya umio. Kuihamishia kwenye ulimi ni kuchanganya watu.

Aliyesema hospitali ndiyo inayotoa kansa, naelewa kilichompotosha, kwa sababu nakutana nacho kliniki. Anakuja bibi, ameshikwa mkono na binti yake. Taya la chini kushoto kuna shimo la jino lililong'olewa miezi kadhaa nyuma na halijafunga, nyama imefura juu yake inavuja damu ikiguswa. Binti anasema, "Dokta, mama alikuwa mzima, imeanza alipong'olewa jino." Namgeukia mwenyewe. "Bibi, jino lilikuwa linauma?" "Haliumi sana, mwanangu, lilikuwa linacheza." Meno ya jirani hayana tundu. "Na huu mdomo, ganzi ilianza lini?" Anafikiri. "Ganzi? Ganzi ilitangulia."

Hapo ndipo penye jibu. Jino lisilo na tundu, kwenye fizi ambayo kwingine kote ni nzima, halianzi kucheza lenyewe. Mfupa ulikuwa umeshaliwa, na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ulikuwa umeshaguswa, ndiyo maana mdomo ulikufa ganzi. Saratani ilitangulia, jino likafuata, aliyeling'oa akabebeshwa lawama. Na kwa kweli ana lake la kujibu: hakupiga eksirei, hakuuliza kwa nini linacheza, na kile kinyama alichokikwangua hakukipeleka patholojia. Wenzangu wa kliniki za meno, hili nawaomba kwa moyo wangu wote. Meno yanayocheza bila sababu msiyang'oe kwanza.

Kuna na hadithi nyingine ya mtaani, kwamba kisu kinasambaza saratani, nayo imejengeka vilevile. Mtu anachukuliwa baiopsi, anarudi nyumbani kutafuta hela au kujaribu dawa za miti, miezi inapita, uvimbe unaongezeka kama ambavyo ungeongezeka hata asingeguswa, na kisu ndicho kinacholaumiwa.

Kama ningepewa nafasi ya kuchora grafu moja tu ya nchi nzima, ningechora steji, yaani hatua ya ugonjwa, ambayo watu wanafika nayo. Wengi wanatufikia na steji ya tatu au ya nne, tezi za shingo zimeshavimba, na hapo upasuaji ni mkubwa na matumaini ni madogo. Hata hivyo steji yenyewe siiamini kama vitabu vinavyotaka niiamini. Mgonjwa asiye na hela ya picha ya CT nampima kwa vidole na macho, na najua vidole vyangu haviwezi kuona kina cha uvimbe. Mafaili mengine hayana steji kabisa. Tukisema siku moja kwamba steji za mwanzo zimeongezeka, nitauliza kwanza kama tumeanza kupima vizuri zaidi.

Siamini pia safu ya "tumbaku" kwenye mafaili yetu. Mgonjwa anaulizwa, "Unavuta sigara?" Anasema hapana, inaandikwa hapana. Namshika mdomo wa chini, naukunja kwa kidole gumba, na pale pale pana utando mweupe uliokunjamana, mahali anapoweka ugoro. Hajadanganya, hakuulizwa. Ugoro ni tumbaku. Popoo nayo, hata ikitafunwa na tambuu bila tumbaku, inasababisha saratani, na hilo limechapishwa na lile shirika la utafiti wa saratani la WHO tangu 2004. Faili zikija kuchambuliwa, wasomaji wanaambiwa wagonjwa wengi "hawatumii tumbaku", na msako wa kisababishi kipya unaanza.

Ila kuna wanaoniacha na maswali. Vijana wenye saratani ya ulimi, hawanywi, hawavuti, na nimekagua mdomo wote. Nchi nyingine pia zinawaona. Mtu ataniambia ni virusi vya HPV, kama ilivyo Marekani na kaskazini mwa Ulaya, lakini kule HPV inashika tonsili na shina la ulimi, siyo pembeni mwa ulimi ninakokata mimi. Na pale ambapo HPV ni adimu, kipimo cha p16, kinachotumika kukisia kama HPV ipo, kikiwa peke yake kinaweza kupotosha. Sina maelezo ya vijana hawa, na sitawabambikia chipsi.

Kwa hiyo ukitumiwa grafu, uliza kwanza ni ya hospitali au ya wakazi. Ukiwa na kidonda, doa jeupe au jekundu mdomoni ambalo halijapona kwa wiki tatu, nenda hospitali ya mkoa kwenye kliniki ya kinywa na uulizie baiopsi. Ukishapewa majibu, nakili namba ya patholojia iliyoandikwa juu ya karatasi na uje nayo popote utakakopelekwa. Kwa namba hiyo kioo chenye kipande chako cha nyama kinapatikana, hatuna haja ya kukukata upya, na kwenye rejesta utahesabiwa mara moja.