Nyeupe ina bei yake

Juzi kanipigia msanii mmoja: "Dada, kava la albamu yangu safari hii sitaki mambo mengi. Weka nyeupe tu, jina kwa chini. Hiyo si kazi ya dakika kumi? Tufanye nusu bei." Ni wa nne mwaka huu. Nimeshachoka kulijibu jambo hili kwenye simu, kwa hiyo leo naliandika.

Mfano wanaoniletea karibu wote ni ule ule: albamu ya bendi ya The Beatles ya Novemba 1968, ile nyeupe. "Si unaona, hawakuchora kitu." Haya, tuichukue hiyo hiyo.

Aliyeisanifu ni Richard Hamilton, mchoraji wa Uingereza. Mwaka mmoja nyuma bendi ilikuwa imetoka na albamu ya Sgt. Pepper, yenye kava lililojaa watu na rangi hata jicho halijui lianzie wapi. Weupe wa Hamilton ulikuwa jibu kwa kava hilo. Mtu aliyeliona la kwanza alilielewa la pili. Jina la bendi lipo, ila halina wino. Herufi zimekandamizwa kutoka nyuma zikainuka kwenye karatasi, na mstari wenyewe umekaa upogoupogo kidogo. Kila nakala ya matoleo ya mwanzo ikapigwa namba yake, kama zinavyopigwa picha za sanaa zinazochapwa chache, huku hizi zikichapwa kwa mamilioni. Ukifungua ndani unakuta bango kubwa la vipande vya picha vilivyobandikwa pamoja, nyuma yake mashairi ya nyimbo, na picha nne za rangi, kila mwanabendi na yake.

Vitu vilikuwepo tele. Mtu alikaa akaamua kipi kionekane dukani na kipi kikutwe nyumbani. Uamuzi huo ndio ninaolipwa, na hauchukui dakika kumi.

Halafu kuna mashine ya kuchapia. Kwenye pleti nne za kawaida, yaani mabamba ya kuchapia, kila moja na wino wake, wino mweupe haupo, nyeupe yako ni karatasi yenyewe. Ukichagua karatasi yenye umanjano umeshachagua rangi ya albamu. Kava lenye picha tele linaficha vumbi, alama ya kidole, kisu kilichokata milimita moja pembeni. Kava tupu halifichi chochote, na herufi moja iliyosogea inapiga kelele. Nyeusi nayo ni hivyo hivyo. Ukiipiga kwa pleti moja inatoka kijivujivu, mpaka uitie sayani, ule wino wa buluu, chini yake. Bendi ya roki ya AC/DC walipotaka kava la albamu yao Back in Black ya 1980 liwe jeusi tii kumwomboleza mwimbaji wao Bon Scott, kampuni ya rekodi iling'ang'ania jina lizungushiwe mstari wa kijivu. Mstari mmoja tu, na watu wazima wakavutana juu yake.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu: kwamba kava tupu ni la mwenye jina kubwa, chipukizi hawezi. Nusu yake naikubali. Lakini Unknown Pleasures ya 1979 ilikuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Joy Division, na mbele haina jina la bendi wala la albamu. Ni mistari myeupe tu juu ya weusi, mawimbi ya redio ya nyota iitwayo CP 1919, yaliyotolewa kwenye kitabu cha elimu ya nyota. Kitabuni mistari ilikuwa myeusi juu ya nyeupe. Msanifu wa kava, Peter Saville, akaigeuza, na ule mgeuzo ndio unaokufanya uhisi giza kabla hujasikia ngoma. Leo iko kwenye fulana za watu wasiojua hata wimbo mmoja wa bendi hiyo.

Ninapokwama ni kwenye skrini ya simu. Msanii wa Marekani, Rutherford Chang, alikusanya nakala za ile albamu nyeupe kwa maelfu, na hakuna mbili zinazofanana: hii ina doa la kahawa, ile jina la mwenyewe kwa kalamu, nyingine imeota ukungu. Weupe ulipokea maisha ya walioushika. Kwenye skrini hakuna anayeushika. Herufi za kuinuliwa zinapotea, namba haisomeki, na programu ikiwa na mandhari nyeupe hata ukingo wa kava unayeyuka. Nimejaribu kuweka kivuli chembamba pembeni, nimejaribu nyeupe iliyopauka, na bado mikono yangu haijaridhika. Albamu isiyochapwa kabisa, inayoishi kwenye simu peke yake, huenda haihitaji nyeupe. Huenda inahitaji ukimya wa aina nyingine ambao sijaupata.

Yule msanii nimemwomba aniletee nyimbo zote kwanza nizisikilize. Nataka kujua anataka kunyamazia nini.